Alitikisa Kichwa Tu

Wapendwa, kulikuwa na bwana mmoja katika kampuni inayotengeneza programu za kompyuta za kutunzia taarifa za wagonjwa. Kazi yake ilikuwa kulinda siri zao, na alizilinda kwelikweli! Wauza dawa walipoomba namba za simu za wagonjwa, aliwafukuza. Mkurugenzi wake mwenyewe alipotaka kuchungulia, alimzuia mbele ya watu: "Mzee, sheria inakataa. Taarifa hizi si zetu, zina wenyewe." Nani kati yetu asingemwachia mtu huyo funguo za nyumba?

Sasa dada yake alikuwa na mtoto wa kiume aliyetaka kuoa. Mchumba ni binti mmoja, mwalimu wa chekechea. Dada akamfuata kaka yake nyumbani.

"Kaka, wewe unaona yote. Huyu binti ana afya?"

"Dada, hilo siwezi kulisema."

"Nani kakwambia useme? Mimi damu yako. Mwanangu akioa ugonjwa, utanitazama usoni?"

Maneno yale yakamkaa rohoni. Kesho yake kazini akafungua taarifa za binti, akijiambia ni mara moja tu, kwa ajili ya mpwa wake. Akaona dawa za kifafa. Dada aliporudi kuuliza, bwana yule hakutamka neno. Alitikisa kichwa tu, akatazama chini.

Ndugu zangu, ilitosha. Kijana alishindwa kumpinga mama yake, posa ikavunjwa. Mtaa mzima ukajua. Wazazi wakaanza kuwahamisha watoto wao, kana kwamba kifafa kinaambukizwa kwa kufundishwa kuhesabu. Mwalimu mkuu akamwambia binti apumzike nyumbani kwanza.

Binti akaenda kwenye kampuni, maana sheria ilimpa haki ya kujua nani amefungua taarifa zake. Aliyewekwa pale kumjibu ni nani? Ni bwana yule yule, na jina lililoonekana kwenye kompyuta lilikuwa lake.

"Ni mimi," akasema. "Lakini sikumwambia mtu, mwanangu. Nilitaka kumlinda mpwa wangu."

Binti hakupaza sauti. "Mpwa wako nilimwambia mwenyewe, zamani. Akanikubali hivyo hivyo. Nilikuwa najipa moyo nimwambie na mama yake. Siku hiyo ilikuwa yangu, baba. Umeniibia."

Bwana akafukuzwa kazi. Kampuni ikaomba radhi. Je, posa ilirudi? Watoto walirudi darasani kwake? Hakuna kilichorudi.

Nawaona mnavyotikisa vichwa kumsikitikia. Ngojeni. Mmejiuliza mtaa ulijuaje? Dada yule alimbana mwanawe mpaka akautaja ugonjwa wenyewe, lakini hakwenda kutangaza sokoni. Alikuja kanisani. Alisimama kwenye maombi ya kina mama, macho kayafumba, akasema kwa huruma, "Tumkumbuke yule binti mwalimu, ana kifafa." Na wote wakaitikia, amina.

Sisi hakuna mahakama itakayotuita kwa sababu ya maombi yetu. Lakini wiki hii tumemtaja nani? Tulimwomba ruhusa? Au tuliupeleka ugonjwa wake, ndoa yake, mtoto wake, kwa Mungu aliyekuwa anajua tayari, ili jirani aliyekuwa hajui apate kusikia?

Huenda tuliyemtaja yupo hapa, benchi la nyuma. Msigeuke kumtafuta. Anatujua.