Zimwi Lililonenepa kwa "Jikaze"

Hodi, hodi! Hadithi imefika, ipisheni ikae.

Palikuwa na mzazi, Mwanakheri, aliyejifungua juzi tu. Zimwi lisiloonekana na mwingine likamkalia kifuani, akawa analia asijue kwa nini.

Akaja shangazi. "Walia na mtoto mzima unaye? Jikaze!" Zimwi likanenepa. Mwanakheri akainuka, akampikia chai.

Akaja jirani. "Sisi tulizaa tukaenda shamba. Jikaze!" Zimwi likanenepa hadi paani. Mwanakheri akapika chai tena, pumzi zinamkatika.

Akaja wifi yake, Mashavu. "Wifi, jika—"

"Sijikazi!" akafoka Mwanakheri. "Mnakuja kumtazama mzazi, na mzazi ndiye awapikie? Nimechoka, wifi! Zimwi hili litaniua!"

Mashavu akanyoosha mikono. "Kumbe! Basi nipe huyo mtoto, ulale. Chai nitapika mwenyewe, jikoni napajua."

Akamnywesha Mwanakheri uji, akamkanda kwa maji moto, akamwacha alie mpaka atosheke. Zimwi likakonda, likakonda, likabaki kama kiroboto, likatoka kutafuta nyumba nyingine wanakosema "jikaze."

Nami nanyamaza. Mwenye jirani aliyejifungua, abebe sufuria aende.