Mpishi wa Sultani na Amri ya Kizingiti

Hapo zamani, katika mji wa Kiwambani, alitawala Sultani Hafidhi, aliyewapenda mafundi wake kama mtu apendavyo viatu vyake: vikiwapo havioni, vikipotea hupiga kelele. Basi ikawa mafundi wanahama mmoja mmoja kwenda mji jirani. Alitangulia mwashi, akafuata mhunzi, kisha kinyozi, hata akasalia mpishi peke yake, Bi Mwanaidi.

Sultani akamwita Mwinchande, fukara aliyeishi kwa ulimi wake, akamwambia, "Wewe wajidai una akili. Nizuilie mpishi, wala usiniletee habari ya kumpa kitu. Siku ya Idi nina wageni. Akikosekana, mji huu utauhama wewe."

Mwinchande aliingiwa na hofu, kwani mamaye alikuwa kitandani, hana mwingine wa kumtazama. Hata hivyo akainama, akasema, "Ewe Sultani, nipe amri yenye muhuri wako: siku ya Idi mpishi asivuke kizingiti cha jiko, hata akiitwa na nani." Sultani akaona rahisi, akapiga muhuri.

Idi ikafika. Sinia za pilau zikaletwa, wageni wakanawa mikono. Lakini desturi ya kasri ile ilikuwa mpishi aonje kwanza mbele ya macho ya Sultani, ndipo watu wale.

"Aitwe mpishi!" akaamuru Sultani.

"Haji, bwana," akasema Mwinchande. "Muhuri ni wako."

Pilau ikanukia, matumbo yakanguruma. Sultani akaona haya kuvunja amri yake mbele ya wageni. Basi akainuka, akabeba sinia mwenyewe, akaenda jikoni, Mwinchande akimfuata.

Moshi ulimpokea mlangoni. Akakohoa, akatafuta pa kukaa, asipate ila mbuzi ya kukunia nazi, naye akaikalia kwa tahadhari kubwa.

Bi Mwanaidi akaonja, akasema, "Miaka kumi na miwili nakupikia, bwana. Leo ndiyo mara ya kwanza umekuja kwangu."

"Na moshi huu, mbona hukusema?"

"Nilimwambia msimamizi. Akaniambia nishukuru."

Sultani akafuta machozi, na si yote yaliyokuwa ya moshi. Kisha akamgeukia Mwinchande, akacheka. "Mjanja wewe! Nilikutuma umzuie yeye, ukanileta mimi. Kaa na mamako, na chakula chenu kitatoka jiko hili." Akaamuru ukuta wa jiko utobolewe dirisha la kutolea moshi siku ile ile. "Je, Bi Mwanaidi, utabaki?"

"Mzigo wangu nilikwisha ufunga, bwana. Leo nitafungua nusu. Nusu ya pili itangoja dirisha."