Kitalu Namba Moja na Maktaba Mbili za Maji

Kaeni vizuri, na mwenye kukohoa akohoe sasa. Kisa hiki nimekipeleka kwa mahakimu wawili na mwalimu mkuu mmoja. Wote waliomba maji ya kunywa, wakaaga. Tuone ninyi.

Katika bonde la Lukanda, kwenye ofisi ya ushirika wa wakulima wa mpunga, walikuwapo watu watatu waliotengeneza programu ya king'ora cha mafuriko. Mshamu alikuwa na jicho: kosa lijifiche litakapojificha, atalitoa. Nyamizi alikuwa na mkono wa kuandika na moyo usiotupa kitu. Hata risiti ya soda ya mwaka juzi anayo. Wa tatu, jina lake Sikudhani, alikuwa fundi wa kuunganisha: vipande walivyoandika wenzake, yeye ndiye aliyevishona vikawa programu moja.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wasomi hupotea. Kipande cha kupima maji walikiita maktaba, na maktaba zilikuwa mbili. Ya majaribio ni mmbea: husema kila inachofanya, hukagua kila namba mara mbili, na kati ya namba na namba huacha nafasi tupu, waiitayo ya mlinzi, ili namba zisigongane. Ya kazi ni bubu: haisemi, haiachi nafasi, inachapa kazi. Programu ya majaribio hushonwa na maktaba ya majaribio, ya kazi na ya kazi. Ukizichanganya, umekwisha.

Siku moja ya mavuno, saa saba mchana, simu ya ofisi ililia. Alikuwa mlinzi wa bwawa, kutoka milimani.

"Mvua imetuzidi huku. Nimefungua milango. Baada ya dakika arobaini maji yatakuwa kwenu."

Bondeni walikuwapo watu mia tatu, migongo imeinama, wanavuna. Mtandao wa simu haufiki kule, na kwa pikipiki kukizunguka kinamasi ni saa nzima. Mmoja wa wale mia tatu alikuwa mama yake Sikudhani, mwenye kitalu cha mwisho kabisa, kando ya mto, na goti bovu.

Wakatazama king'ora juu ya paa. Kimya. Wakatazama skrini. Kina cha mto: sifuri.

"Sifuri vipi, na mto nauona unapanda!" akafoka Mzee Chambuso, mwenyekiti. "Bonyezeni kitufe!"

"Kitufe kipi, Mwenyekiti?" Nyamizi akamjibu. "Si uliamuru king'olewe, baada ya harusi ya mwanao? Waalikwa walikibonyeza kwa furaha, wakulima wakapanda mlimani na masufuria."

Kweli. Tangu hapo king'ora kilitii programu tu, na programu ilitii kina cha maji tu: kina kikifika mita mbili, king'ora kinalia. Jasho likamtoka mzee.

"Haya! Atakayekiliza king'ora hiki kabla maji hayajafika, kitalu namba moja ni chake."

Kwa asiyejua, kitalu namba moja ndicho cha kwanza kunywa mfereji. Mwaka wa ukame, wengine wanavuna vumbi, chenyewe kinavuna mpunga. Na kwa kanuni ya ushirika kitalu hakigawanywi: hati moja, jina moja.

Mshamu hakugusa waya. Alichukua programu ya majaribio, akaisomesha vipimo vya mto. Ikajibu mita mbili na nusu. Akaisomesha ya kazi vipimo vilevile. Ikajibu sifuri. Akapiga meza. "Kipimio cha mtoni ni kizima! Programu ya kazi imeshonwa na maktaba ya majaribio. Inakwenda kusoma kina cha maji, inaangukia nafasi ya mlinzi, iliyo tupu, inajibu sifuri." Dakika kumi na moja zilikuwa zimekwenda. Bila jicho lile, mpaka leo wangekuwa wanafungua nyaya.

"Basi wekeni yote ya majaribio!" akasema mwenyekiti.

"Ni nzito, Mzee. Kisanduku cha king'ora kule paani kitakwama," akajibu Mshamu.

Ikatafutwa maktaba ya kazi. Haipo! Mwenyekiti mwenyewe aliagiza ifutwe wiki iliyopita, ipatikane nafasi ya video ya wageni waliokuja kukitazama king'ora, yeye akiwa ndani ya suti. Kuiandika upya ni kazi ya siku tatu. Nyamizi akafungua pochi, akamwaga mezani funguo, risiti, pipi iliyonata, na flashi moja iliyochubuka. "Uliniambia nifute, Mwenyekiti. Nikaitikia ndiyo. Sikufuta, niliihamishia humu." Ndani zilikuwamo nakala nne, na tatu ni mbovu, akazipitia moja moja mpaka akaipata nzima. Dakika ya ishirini na tano. Bila ukaidi ule, pangebaki kulia tu.

Ikabaki kwa Sikudhani. Akafungua faili la kuunganisha. Mstari wa kuita maktaba ulitaja moja tu, ya majaribio, bila sharti lolote. Aliuandika yeye. Mwenyekiti alitaka namba zicheze kwenye skrini mbele ya wageni, na mmbea ndiye anayezichezesha. Sikudhani akaufunga mstari kwenye maktaba ya mmbea, harakaharaka, akajiambia kesho ataurudisha. Kesho ikawa wiki.

Akaufuta. Akaandika sharti: kama programu ni ya majaribio, unganisha maktaba ya majaribio, kama ni ya kazi, unganisha ya kazi, kama ni nyingine yoyote, kataa.

"Fanya haraka, dada," Mshamu akamhimiza.

"Nikikosea alama moja tunaanza upya. Hebu funga mdomo, kaka."

Dakika ya thelathini na tatu. Kompyuta ikaanza kushona. Asilimia arobaini. Sabini. Tisini, ikasimama. Mzee Chambuso akaanza kusali, akasahau katikati, akaanza tena. Sikudhani hakutazama skrini. Alitazama dirishani, kile kitalu cha mwisho, na kitone cha kanga nyekundu kilichoinama.

Kisha asilimia mia. Skrini ikaandika mita tatu. King'ora kikalia mpaka vioo vikacheza.

Migongo mia tatu ikanyooka. Wakakimbilia kilima. Kanga nyekundu ikakimbia hatua tatu, ikaanguka, wanaume wawili wakaibeba. Maji ya rangi ya chai yakapita nyuma ya visigino vyao. Mpunga uliokatwa ukaenda nayo. Mtu hakwenda hata mmoja.

Saa kumi mwenyekiti akaleta hati, akatoa kalamu.

"Nisingeliona kosa," akasema Mshamu, "mngetibu ugonjwa gani?"

"Nami ningekuwa mtiifu," akasema Nyamizi, "mngetibu kwa dawa gani?"

Macho yakamgeukia Sikudhani. Mama yake, kanga ingali inachuruzika, akamfinya mkono. "Sema, mwanangu. Kitalu namba moja kiko juu, hakitanitaka nikimbie."

Sikudhani akasema, "Bila mimi vipande visingeshonwa. Lakini mstari uliovivuruga nao ni wangu. Niliufunga siku ya wageni."

Mama akauachia ule mkono.

"Basi ajitoe!" akaruka Mshamu.

"Ajitoe kwa nini? Angenyamaza, nani angejua?" Nyamizi akamkata. "Na wewe mwenye jicho, programu imekaa wiki nzima juu ya paa. Ulikuwa unatazama nini?"

"Nawe mwenye pochi, ungesema mapema unayo nakala, dakika ngapi zingeokoka?"

"Nyamazeni!" akasema Mzee Chambuso, aliyeng'oa kitufe, aliyefuta maktaba, na ambaye sasa ndiye mwenye kalamu. Akaiweka ncha juu ya mstari. Wino ukaanza kuenea kwenye karatasi, naye hajaandika hata herufi.

Msiniambie wagawane, kanuni imekataa. Msiniambie kirudi kwa ushirika, ahadi imetoka mbele ya watu. Mshamu aliyeona, Nyamizi aliyetunza, au Sikudhani aliyeharibu, akatengeneza, kisha akasema? Kalamu hiyo hapo, ishike wewe. Je, ungeandika jina la nani?