Fisi na Kilima Kisicho na Mwenyewe

Zamani, wanyama walipokuwa wakishtakiana kwa ugomvi wa mipaka, jua liliiunguza nchi hata mto ukakauka. Pakabaki mahali pamoja tu penye unyevu: kilima cha nungunungu, chenye mizizi minene iliyojaa maji.

Mapango ya kilima hicho yalichimbwa na nyanya zake Bi Nungunungu, na mama yake alizikwa humo. Yeye na dada zake kila walipong'oa mzizi walirudisha kipande udongoni kichipue tena. Hivyo kilima hakikuwahi kuwanyima chakula.

Fisi alipopata habari, mate yalimtoka. Atakayekishika kilima kile atamla kila swala anayekuja kutafuta majani! Akakimbia kwa Simba, akalala kifudifudi.

"Ewe Mfalme usiye na mfano, kuna kilima pale hakina mwenyewe. Mashimo matupu na upepo. Nipe nikichunge, nami nitakuletea paja la swala kila asubuhi."

Simba alipenda sana kuitwa asiye na mfano. Hakuuliza hata swali. "Chukua!" akanguruma, akaendelea kulamba manyoya yake.

Fisi akaenda kilimani kifua mbele. "Bibi, fungasha! Mfalme kanipa kilima."

"Amekitoa wapi cha kukupa?" akajibu Bi Nungunungu. "Mama yangu amelala hapa. Sitoki ng'o!"

"Basi tutaona mtakula nini," akasema Fisi, akajilaza mlangoni pa pango.

Ndani watoto wakaanza kulia njaa. Bi Nungunungu aliogopa, lakini hakuhama. Kanga, jirani yake, akawa anapenya kwa ufa wa nyuma na vipande vya mizizi mdomoni. Safari moja akaja na Sungura.

"Shangazi," akanong'ona Sungura, "mimi maneno sikosi. Nikakusemee kwa Simba?"

"Usinisemee, mwanangu, mdomo ninao. Wewe mlete Simba hapa, aone kwa macho yake. Huyu mlafi mwachie mimi, nitamchimbia mlango wake."

Bi Nungunungu na dada zake wakachimba tundu jembamba, wakajipanga ndani. Sungura naye akafika kwa Simba.

"Mfalme, porini wanakucheka. Wanasema umegawa kilima usichowahi kukikanyaga."

Simba akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akashika njia. Sungura akatangulia mbio hadi kwa Fisi.

"Kaka, umeliona tundu lile? Nungunungu wanono wamelala humo fofofo. Simba yuko njiani. Ukichelewa, atawala yeye."

Fisi hakungoja aambiwe mara ya pili. Akatumbukiza kichwa, akasukuma mabega, akakwama! Nje yakabaki makalio na mkia tu. Ndani, akina mama wakamgeuzia migongo.

"Yalaa! Nachomwa!"

"Nani anakuchoma?" ikauliza sauti nzito nyuma yake.

"Nungunungu! Bi mkubwa, na dada zake, na binti zao! Wamejaa tele humu!"

"Fisi," akasema Simba polepole, "si uliniambia ni mashimo matupu na upepo?"

Kilio kikakatika. "Ni... ni upepo wenye miiba, Mfalme."

Kanga alicheka hata akaanguka chali. Bi Nungunungu akatoka kwa mlango wa pango, ambao sasa haukuwa na mlinzi, akasimama mbele ya Simba bila kupiga magoti.

"Mfalme, kilima kina wenyewe. Siku nyingine kabla ya kugawa, piga hodi kwanza."

Simba akakohoa, akatazama chini. "Kilima ni chenu. Kilikuwa chenu hata kabla sijaota meno."

Kisha akamshika Fisi mkia, akamchomoa kama gugu shambani. Fisi akatimua mbio, pua imejaa miiba, na hakuonekana tena upande ule. Njia ya mwongo ni fupi.