Msikilizi wa Korongo la Ngurumo

Nisimulie, nisisimulie? Simulia, bibi. Mtaogopa? Tutaogopa. Basi sogeeni hapa, na kila mtu ashike kunde zake amenye, kwa maana masikio ndiyo yatakayosikiliza, mikono haina ruhusa ya kukaa bure. Zamani hizo, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia kwa bibi yake, ulikuwapo mji ukiitwa Vuguruni.

Vuguruni ulikuwa bara, nyuma ya milima. Watu wake Waislamu, wana ng'ombe, wana mtama ghalani, wana afya zao. Lakini njia ya kushuka pwani, ambako mahujaji walipanda chombo kwenda Makka, ilikuwa moja tu. Moja tu, wajukuu zangu, nayo ilipita katikati ya Korongo la Ngurumo.

Mwaka mmoja watu saba waliaga, wakaenda Hija. Jua halijapanda vizuri, mji mzima ukasikia mngurumo uliotikisa vyungu mekoni. Ng'ombe waliokuwa malishoni wakarudi mbio zizini. Alikuwa simba. Wale saba hawakurudi mwaka ule, na mwaka wa pili hawakurudi, na wa tatu hawakurudi.

Basi sheikh wa wakati huo akawakusanya watu akawaambia, "Hija ni faradhi kwa Mwislamu aliyebaleghe, mwenye akili zake, aliye huru, na mwenye uwezo. Na uwezo ni afya ya mwili, ni masurufu ya njiani na ya kuwaachia walio nyumbani, na ni amani ya njia. Njia yetu haina amani. Hamlazimiki, mpaka siku itakapokuwa na amani."

Alisema kweli sheikh yule. Kuna anayetaka kubishana naye? Wewe, mbona umeacha kumenya?

Ndipo ukaanza ule utaratibu wao. Kila Mfungo Mosi, sikukuu ikishapita, mtu mmoja, aliyeitwa Msikilizi, alitumwa mpaka mdomo wa korongo. Palikuwa na jiwe pale. Anasimama juu ya jiwe, anasikiliza, anarudi. Ijumaa, watu wakishatoa salamu, sheikh anamwuliza, "Njia ina amani?" Naye anaapa, "Wallahi, haina. Nimesikia." Watu wanashusha pumzi, wanarudi kwa ng'ombe wao. Mwaka hata mwaka, hivyo hivyo. Wakafa wazee, wakazaliwa watoto, hivyo hivyo.

Kwa miaka arobaini Msikilizi alikuwa Mzee Shebughe. Kisha miguu ikamwisha, akawa mtu wa kubebwa kutoka kitandani hadi barazani. Hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja, Mwanamvua, mke wa Hatibu mhunzi. Akamwita.

"Mwanangu, mwaka huu utakwenda wewe. Utasimama juu ya jiwe, usikilize. Usilipite."

"Na nisiposikia kitu, baba?"

Mzee akazungusha kofia yake magotini. "Utasikia," akasema. "Subiri tu. Utasikia."

Mwanamvua akaenda. Aliondoka baada ya sala ya alfajiri. Alikuwa mwoga, nisiwafiche. Alikuwa mwoga wa mjusi, sembuse simba. Akafika, akapanda jiwe, akashika kanga yake kwa mikono miwili, akasikiliza.

Alisikia nini? Alisikia ndege, tetere. Akangoja. Akasikia tetere yule yule. Jua likapanda, likamfika utosini, mate yakamkauka, na korongo likakaa kimya. Kimya kile kilimtisha kuliko mngurumo, kwa sababu mngurumo ungemwambia simba yuko wapi.

Angeweza kurudi nyumbani. Neno lenyewe ni moja, nimesikia, na mji mzima ulikuwa unalingojea. Lakini neno hilo lina wallahi mbele yake. Hofu ya simba ikamwambia, rudi. Hofu ya kiapo ikamwambia, utamtaja Mungu kwa jambo usilolijua. Akasimama pale akilia, hofu moja huku, hofu nyingine huku. Kisha akashuka kwenye jiwe, upande ambao hakuna aliyewahi kushukia.

Hatua moja, kimya. Hatua ya pili, kimya. Kuta za mawe zikamsogelea, jua likabaki juu kama utepe. Hatua, kimya. Hatua, kimya. Akapinda kona, na hapo mbele yake, chini ya mwamba, akayaona meno.

Alianguka. Akafumba macho akatoa shahada, akangoja kuliwa. Akangoja. Wajukuu zangu, mtu hawezi kungoja kuliwa siku nzima, hata hofu huchoka. Akafumbua jicho moja.

Yalikuwa meno ya fuvu. Simba yule alikuwa mifupa mitupu, na katikati ya mbavu zake umekwama mkuki wenye kutu. Pembeni palikuwa na makaburi matatu, yamepangwa mawe vizuri, yameelekea kibla. Watu walitoka saba. Makaburi matatu. Nani aliyewazika hao watatu, kama si wanne waliobaki hai? Na mbele njia iliendelea, ikatokea juani, na chini kabisa ukaonekana moshi wa vijiji vya watu. Wale wanne, kama walifika Makka au walifia mbele ya safari, hakuna ajuaye, na mimi sitawabunia.

Mwanamvua hakufurahi. Alikaa chini akaanza kuogopa upya, zaidi ya mara ya kwanza. Njia ilikuwa na amani tangu kabla hajazaliwa. Bibi yake, wajomba zake, na wote waliokufa na afya zao na mali zao wakisema hatulazimiki, walikuwa wanalazimika. Na aliyewaapia alikuwa baba yake.

Akauchomoa mkuki, akarudi, akauweka mbele ya mzee.

"Baba, ulisikia nini?"

Mzee Shebughe aliutazama mkuki mpaka machozi yakamjaa. "Mwaka wa kwanza nilisikia moyo wangu," akasema. "Ulikuwa unapiga sana, nikadhani ni yeye. Mwaka wa pili sikusikia kitu. Lakini nitasemaje sikusikia, na mwaka wa kwanza nimeapa? Wa tatu nao vivyo hivyo. Kila mwaka nilizidi kuogopa, Mwanamvua. Si simba. Niliogopa watu waliokufa katikati ya miaka hiyo." Akamshika mkono. "Ijumaa sema umesikia. Nihurumie. Nimebakiwa na siku chache."

"Na mimi ukishaondoka, baba, nitamrithisha nani kiapo hiki?"

Mzee akauachia mkono wake. Siku tatu hakula vizuri, wala binti yake hakula.

Ijumaa ikafika. Mzee akabebwa mpaka msikitini. Mwanamvua akasimama mlango wa wanawake na mkuki chini ya kanga. Sheikh Muhidini, sheikh wa mji siku hizo, akauliza, "Njia ina amani?"

"Wallahi, ina amani," akasema Mwanamvua. "Nimeingia ndani, nimeiona njia mpaka upande wa pili. Simba ni mifupa. Aliuawa na wale saba." Akautoa mkuki.

Hakuna aliyesema alhamdulillahi. Mtu mmoja mwenye ng'ombe wengi alisema taratibu, kama anayebembeleza, "Mama, hebu sema umesikia. Tulikuwa tumekaa vizuri." Wengine wakatazama miguu yao. Hatibu mhunzi akauchukua mkuki, akaugeuza, akafuta kutu kwa kidole. "Alama hii ya mfuaji ni ya babu yangu," akasema. "Mke wangu hasemi uongo."

Sheikh Muhidini akawageukia watu. Akasema, "Basi sikilizeni. Aliye maskini, halazimiki. Aliye mgonjwa asiyeweza safari, mtoto, asiye na akili timamu, hawalazimiki. Mwenye afya na masurufu, kuanzia leo hana udhuru. Na waliokufa nao wanaweza kuhijiwa. Mungu anajua zaidi walivyodhani."

Mzee Shebughe akauliza kutoka pale alipolazwa, sauti haifiki hata safu ya pili, "Na mimi?"

"Wewe ulikuwa na miguu miaka arobaini, mzee wangu, na zizi limejaa. Miguu imekwisha, faradhi haikwisha. Atahiji mtu kwa niaba yako, lakini lazima awe amekwisha kujihijia mwenyewe kwanza."

Kwa hiyo Mwanamvua alipita korongo lile mara mbili. Mara ya kwanza na mumewe Hatibu, kwa faradhi yake mwenyewe. Akarudi, akapumzika msimu mmoja, akaondoka naye tena, kwa niaba ya baba. Na mara zote mbili aliogopa, msidhani aliacha.

Mara ya pili, walipokaribia kurudi, mzee aliwaomba majirani wambebe kila asubuhi hadi kwenye jiwe. Alikuwa amebaki ngozi na macho. Wanamlaza pale, anasikiliza. Siku ya kwanza wakamwuliza, "Mzee, umesikia?" Akasema, "Sikusikia." Siku ya pili, sikusikia. Siku kumi na tisa alisema sikusikia, yeye ambaye miaka arobaini hakuwahi kulitamka neno hilo. Siku ya ishirini akainua kidole wanyamaze. Zilikuwa nyayo za watu ndani ya korongo, na sauti ya mwanamke ikileta salamu.

"Wallahi," akasema Mzee Shebughe, "nimesikia."

Alifariki siku ya tatu yake, binti yake yuko kichwani kwake.

Basi, wajukuu zangu, mkiulizwa jambo msilolijua, semeni hatujui, hata kama mji mzima unataka mseme mengine. Na mkiogopa, ogopeni, lakini mkatazame. Kisa changu nimekitua hapa, atakayekiinua akibebe mzima asikipunguze. Na sasa leteni hizo kunde nione nani alikuwa anamenya na nani alikuwa anatetemeka.