Msokoto wa Mpwa wa Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Moshi ukifuka?

— Moto upo!

Na mtu mzima akikohoa?

— Tumtazame!

Basi mtazameni vizuri. Na wewe uliyeegemea mtungi wangu, hebu uegemee ukuta. Nikianza sirudii.

Alikuwako Kiboko. Mwili mkubwa, mdomo mkubwa, na sauti ndiyo usiseme. Chochote kilichoingia kinywani mwake hakikutoka tena. Aliingiza majani, hayakutoka. Akaingiza maboga ya watu, hayakutoka. Siku moja alimeza maboga pamoja na kapu lake, na kapu nalo halikutoka.

Mwaka huo jua lilikausha mito yote, likabaki bwawa moja tu. Kiboko akasema, "Hili bwawa linataka mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Anayetaka kunywa, aniletee kwanza mzigo wa majani mabichi."

Haya, niambieni, Pimbi atautoa wapi mzigo wa majani? Mnamjua Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, hana mkia, ana meno mawili ya mbele na watoto wengi. Ukimweka kapuni unasahau kama umemweka. Na watoto wake walikuwa wakilia kiu kutwa kucha.

Lakini bwawa halichukuliwi hivi hivi. Mila ya wanyama wa pale ilikuwa hii: anayetaka kukabidhiwa kitu cha wote hukaa mbele ya baraza, huwasha msokoto wa tumbaku, huieleza haja yake huku anavuta, mpaka msokoto uishe. Akimaliza bila kukohoa, kapewa. Akikohoa, arudi kwao. Walisema kwamba asiyeweza kuutawala moshi wa kinywani mwake hawezi kutawala mali ya wenzake.

Sasa sogeeni niwape siri. Kiboko hakuwahi kuvuta. Hata mara moja! Na kwenye kila mkusanyiko alikuwa akijigamba, "Nani, mimi? Mimi nimeanza kuvuta kabla sijaota meno!" Alilisema leo, akalisema kesho, mpaka likawa sifa yake. Baraza lilipopangwa kesho kutwa, usingizi ukamwisha. Aliona haya mwenyewe, na hapo hata mtu hajamtazama.

Msokotaji wa tumbaku alikuwa Pimbi. Kiboko akangoja jua la utosini, wanyama wote wamelala vivulini, ndipo akashika njia ya kwenye mawe. Tindi! tindi! tindi! Akageuka kutazama nyuma. Tindi! tindi! tindi! Akageuka tena.

"Hodi."

"Karibu! Shikamoo, Bwana Kiboko!"

"Marahaba. Sema polepole."

"Kwani kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Nataka msokoto. Si wangu! Ni wa... ni wa mpwa wangu. Hajapata kuvuta tangu azaliwe. Anaona haya kuja mwenyewe."

Aliposema "anaona haya", vile visikio vyake vikaanza kutikisika vyenyewe, na jasho lake jekundu likamtiririka shingoni. Pimbi aliviona visikio, akaliona na jasho. Akapanga misokoto mitatu juu ya jiwe. Mmoja mfupi, mwembamba, rangi ya nyasi kavu. Mmoja wa kahawia. Mmoja mnene, mrefu, mweusi tii.

"Mpwa wako mpe huu mfupi," akasema. "Hili ni jani la chini la mche, na jani la chini si kali. Nimelianika kivulini. Huu wa kahawia ni wa mtu aliyekwisha kuzoea. Na huu mweusi ni jani la juu kabisa, limepigwa na jua msimu mzima. Huu hata mimi nauogopa."

"Ehe."

"Mwambie ale kwanza, ashibe. Avute kidogo, akae nao mdomoni, autoe. Moshi haumezwi."

"Haumezwi," Kiboko akarudia, akijifanya anamkariria mpwa. Kumbe maskini aliyasikiliza maneno yale kwa moyo wote, maana kila neno lilikuwa lake. "Na je... huyo mpwa, akisikia kizunguzungu?"

"Auweke chini, anywe maji. Si aibu. Kila mtu ana siku yake ya kwanza."

Hapo Kiboko nusura aseme. Maneno yalimfika ncha ya ulimi: ni mimi. Maneno mawili tu, jamani! Lakini akamtazama Pimbi, kanyama kasiko na mkia, kamekaa juu ya jiwe, akajiuliza kwa ukubwa ule aliokuwa nao atafundishwaje na hako. Akayameza, kama alivyomeza kila kitu.

"Na wewe mwenyewe, mvutaji wa siku nyingi," Pimbi akauliza kwa adabu, "nikufungie upi wa barazani?"

Kiboko akajikohoza. "Mkubwa kuliko yote," akasema. "Ule mweusi."

"Nilijua tu," akasema Pimbi.

Kiboko akarudi bwawani na misokoto miwili shavuni, moyo umetulia. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Barazani atauacha mweusi shavuni, atavuta ule mfupi. Nani atajua? Pimbi naye akaingia kwenye pango lake, akawaambia wanawe, "Nyamazeni, wanangu. Kesho kutwa mtakunywa."

Siku ikafika. Wanyama wakajaa, wenye pembe na wasio na pembe. Kwenye kiti alikuwa Bibi Kobe, mwanamke wa maneno machache, maana kwa mwendo wake akisema mengi baraza haliishi.

"Haya, mwanangu," akasema Bibi Kobe, "washa, utuambie."

Kiboko akaingiza mkono shavuni, akautoa msokoto mfupi, taratibu, ameufunika kwa kiganja.

"Shikamoo, Bwana Kiboko!" Pimbi akasimama. "Samahani, Bibi Kobe, naona mzee amechanganya. Huo ni wa mpwa wake, yule asiyejua kuvuta. Wako mweusi, mzee, si ule uliochagua mwenyewe?"

Lo! Macho yote yakageuka. Yakautazama msokoto mfupi, yakamtazama Kiboko.

"Kumbe ana mpwa?" Nyumbu akauliza.

"Mpwa gani huyo mzima hajui kuvuta?" akadakia Ngiri, na wote wakacheka. Hawakumcheka Kiboko, walimcheka mpwa. Lakini kila kicheko kilimchoma Kiboko, maana yeye peke yake ndiye aliyejua mpwa ni nani.

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Msinijibu, nawajua. Njia ilikuwa bado wazi. Angesema, "Jamani, ni wangu, naomba mnivumilie." Hapana sheria iliyosema msokoto uwe mkubwa. Lakini aibu ikishamkamata mtu haimwachii afikiri.

"Aa, kweli! Macho haya," akasema Kiboko. Akaurudisha mfupi, akautoa mweusi. Akauwasha.

Pfuu! "Wenzangu," akasema, na machozi yakamlenga.

Pfuu! "Bwawa hili," akasema, na miti ikaanza kutembea.

Pfuu! "Naomba mnipe..." Hapo akakumbuka kuwa moshi haumezwi. Alikumbuka kabisa! Akataka kuutoa. Lakini mdomo ule ulizoea kuingiza, haukufundishwa kutoa. Gludu! Moshi wote ukashuka tumboni.

Tumbo likasema guru, guru, guru. Kiboko akafumba macho. Akabana mdomo. Akabana pua. Akabana kila kinachobanika. Kisha kikatoka: koho! koho! koho! Msokoto ukaruka kule. Yakatoka majani. Yakatoka maboga. Mwisho wa yote, mbele ya wazee na akina mama, likatoka kapu.

"Kapu langu!" akasema Nyani.

Kiboko akakaa chini, pua inatoka kamasi. Akangoja wamcheke. Hawakumcheka, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. Walikuwa wanamtazama tu, kama anavyotazamwa mtu aliyevuliwa nguo njiani. Alitamani ardhi ipasuke immeze yeye aliyemeza kila kitu.

Bibi Kobe akashuka kitini. Akaja hatua, akaja hatua. Akachuma jani, akampangusa pua.

"Mwanangu," akamwuliza, "umeanza lini kuvuta?"

Kiboko akamtazama bibi. Akawatazama wenzake. Sauti ile kubwa haikutoka, ikatoka nyingine, nyembamba, ambayo hata yeye hakuijua.

"Leo, bibi."

Hee! Hapo sasa kicheko kililipuka. Nyumbu akaanguka chali. Ngiri akalia machozi. Kiboko akainuka, akatimua mbio, tindi! tindi! tindi! Chubwi! Akazama.

Wanyama wakashuka bwawani, wakanywa bila mzigo wa majani. Watoto wa Pimbi walikunywa mpaka matumbo yakatuna. Pimbi alikaa ukingoni, hakucheka kama alivyodhani atacheka, kwa sababu ushauri aliompa yule bwana ulikuwa wa kweli wote, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Na Kiboko huko chini aliwasikia wanavyokunywa juu ya kichwa chake. Alitaka kutoka awaambie karibuni. Alishindwa. Ndiyo maana mpaka hii leo mchana kutwa yumo majini, hutoa pua tu, pfuu! kisha huzama haraka kabla hajaulizwa swali.

Mnataka funzo? Hata nisipowapa mtaniganda. Haya, shikeni. Msije mkasema Kiboko aliponzwa na uongo. Hata kidogo! Uongo alikaa nao miaka, wala haukumdhuru, na ulimpa sifa. Kweli alisema mara moja tu maishani mwake, neno moja, na hilo ndilo lililommaliza. Angesema amekohoa kwa kumeza nzi, mpaka leo tungekuwa tunampelekea majani. Kwa hiyo, watoto wangu, mkiulizwa na wakubwa zenu, semeni ni nzi.

Ngano yangu imeketi. Ikiwa imewashibisha, kawagawieni wengine. Ikiwa imewapalia, kunyweni maji.