Kijiti cha Mplamu

Huko Lushoto, Mzee Shekiondo alikuwa na mti mmoja tu uani kwake, mplamu uliozaa matunda matamu kuliko yote mtaani. Jirani yake, Bi Zawena, alimwomba kijiti kimoja akaunganishe kwenye mche wake, uliozaa plamu chachu.

"Plamu nitakupa ule," alisema mzee. "Kijiti sitoi. Nani atakuja kunibembeleza kama kila mtu ana mti wangu?"

"Basi, jirani. Nisamehe kwa kuuliza."

Wiki iliyofuata mbuzi wa Bi Zawena alionekana uani kwa mzee, akitafuna maharage. Mzee alitafuta fimbo huku na huku, hakuiona. Akakwanyua kijiti cha mplamu, akamcharaza mbuzi na kumfukuza mteremko wote mpaka mlangoni kwa Bi Zawena.

"Mfunge mbuzi wako!" alifoka akihema, akakitupa kijiti chini.

"Pole, jirani. Ingia basi unywe chai."

Mzee aliikataa chai, akaondoka akinung'unika.

Miaka mitatu baadaye alipita hapo, akasimama ghafla. Ule mche wa plamu chachu ulikuwa umeinama kwa matunda mekundu, sawa kabisa na ya kwake.

"Zawena! Nani alikupa kijiti cha mti wangu?"

"Si wewe, jirani? Tena ulikileta mbio." Bi Zawena akamchumia plamu mbili. "Aliyenitoa jasho ni yule mbuzi. Siku nne nzima namfundisha njia ya kwako!"